Wanaitikia "ndiyo afande", lango liko vile vile: jibu kwa mkuu wa gereza

Swali: Shikamoo afande. Mimi ni mkuu wa gereza la wilaya, nina miezi saba hapa. Nilikuta mambo mawili yaliyonikera. Askari wa lango wanachukua pesa kwa ndugu wa mahabusu siku za kuleta chakula. Ndani, wanyampara, yaani wafungwa waliopewa kusimamia wenzao, ndio wanaowachapa, askari wakitazama pembeni. Niliwakusanya askari wote, nikasoma waraka wa makao makuu, nikapiga marufuku yote mawili, na watatu niliowashuku nikaomba wahamishwe, wakahamishwa. Sasa kila nikisema naitikiwa "ndiyo afande", lakini lango liko vile vile. Upekuzi hautoi kitu wakati simu zinasikika usiku mabwenini. Juzi imepelekwa mkoani barua isiyo na jina, inasema nawapendelea wafungwa na kuwadhalilisha askari. Je, nikaze zaidi au nilegeze? Na niombe kuhama?

Jibu:

Marahaba, mkuu, na pole kwa kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimelitumikia Jeshi la Magereza miaka 33, nimeongoza vituo vitatu, na miaka ya mwisho nilikuwa nafundisha maafisa wadogo, kwa hiyo hali unayoieleza nimeishi ndani yake. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu kukaza na kulegeza yote mawili ni kuvuta kamba ambayo ncha yake ya pili hujaiona imefungwa wapi.

Askari wako ni watiifu. Wanatii amri iliyokuwepo kituoni kabla hujashusha mizigo yako ya uhamisho, na amri hiyo haijaandikwa popote. Ndiyo inayoamua nani apangwe lango na nani apande mnara usiku wa mvua. Ndiyo inayoamua barua ya likizo ya nani ipite na nani aambiwe "subiri kwanza", nani akikosea aitwe pembeni na nani asimamishwe mbele ya gwaride. Waraka uliousoma siku ile haukugusa hata moja kati ya hayo. Askari waliusikiliza, wakapiga saluti, wakarudi kwenye amri wanayoijua.

Nianze na lango, maana hapo ndipo nilipojifunza kwa gharama.

Gereza la kwanza kukabidhiwa nilifanya kama ulivyofanya wewe, tena kwa sauti kubwa zaidi. Nilihamisha wawili. Wiki ya sita mambo yalikuwa yamerudi, na safari hii wahusika walikuwa vijana wapya ambao nilidhani bado hawajaharibika. Jioni moja koplo mtu mzima, aliyebakiza miezi michache astaafu, aliniletea kitabu cha lango nisaini. Nikamuuliza kwa nini hata vijana nao wameanza. Akasubiri nimalize kusaini. Akasema, "Afande, lango linanunuliwa." Akapiga saluti, akachukua kitabu chake, akatoka.

Usiku ule nilichukua orodha za zamu za miezi minne na penseli, nikaanza kuhesabu. Kituo kilikuwa na askari 58. Langoni, siku za chakula, yalikuwa yakizunguka majina 7 tu. Mnara wa nyuma, ule ambao paa lake lilivuja, yalizunguka majina 9, na mmoja wao alikuwa na mke aliyelazwa hospitali ya wilaya muda wote huo. Aliyepanga zamu alikuwa sajini mchapakazi, mwenye maneno machache, ambaye kabla ya usiku ule ningemwapia. Kila aliyetaka lango alimpelekea "ya vocha" mwisho wa wiki. Kwa hiyo yule kijana aliyekuwa anamkamua mama wa watu shilingi elfu mbili alikuwa anarudisha mtaji wake. Ningemhamisha huyo na kumi wengine, bado nafasi ile ingeuzwa kwa atakayekuja.

Majirani zetu Kenya waliliona jambo hili kwa kipimo cha nchi nzima. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki na kisha kikosi kazi cha Jaji mstaafu Philip Ransley vilipendekeza polisi wafumuliwe na kusukwa upya. Katiba ya 2010 ikaleta Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, na kuanzia mwishoni mwa 2013 tume hiyo ikaanza kuwahoji na kuwachuja maafisa mmoja mmoja, ikianzia juu. Ilipofika zamu ya askari wa trafiki, waliulizwa juu ya miamala yao ya M-Pesa. Huko ndiko zilikoonekana pesa zikipanda kutoka kwa askari wa chini kwenda kwa wakubwa zao. Mwananchi barabarani alikuwa anamlaani askari aliyesimama juani, na sehemu ya pesa yenyewe ilikuwa imeshapanda ngazi kabla jua halijazama.

Kwa hiyo ukikuta pesa langoni, uliza inalala wapi. Kabla ya kumgusa mtu, chukua orodha za zamu, hesabu majina. Kazi hiyo ifanye peke yako, usimpe karani, wala usiitangaze. Ukishaona picha, badilisha jinsi zamu zinavyopangwa. Kwangu nilifanya hivi: orodha ya wiki inapangwa na watu wawili wa vyeo tofauti, inabandikwa kila Ijumaa mahali ambapo askari wote wanapita, na lango linazunguka kwa kila askari aliyefuzu kulisimamia, bila mtu kulirudia kabla wengine hawajafika. Anayetaka kubadilishana zamu na mwenzake anaandika, nami nasaini. Sajini nilimwacha na cheo chake na mshahara wake, nikamwondolea kalamu ya zamu. Uchunguzi wa yale ya nyuma ulifuata njia yake.

Kuna jambo la pili la lango, nalo ni dogo. Jumapili moja nilikaa kwenye duka la ng'ambo ya barabara, mahali ninapoweza kuona meza ya upekuzi bila kuonekana upesi. Alikuja mama mmoja na hotpoti ya wali na maharage. Askari alifungua, akatumbukiza kijiko, akachokonoa. Akachokonoa tena. Akaugeuza ule wali chini juu, maharage yakazama, akaendelea kuvuruga mpaka kile chakula hakitamaniki. Hakusema neno. Yule mama akafungua pindo la kanga, mkono ukapita chini ya meza, na kijiko kikasimama.

Ningemshtaki kwa lipi? Hakuomba. Hakutisha. Alikuwa anatimiza wajibu wa upekuzi, na upekuzi ni wajibu wa kweli, kwa sababu bangi na laini za simu huingia kwenye wali. Nilipotafakari nikaona kwamba kijiko ndicho kilichokuwa silaha. Wiki iliyofuata meza ilihamishiwa chini ya mwarobaini, mbele ya macho ya wote wanaosubiri, na utaratibu ukawa kwamba mgeni mwenyewe ndiye anayechokonoa chakula chake kwa kijiko chake na kukionja, askari anasimama, anatazama, anaelekeza: "Geuza upande huu, mama." Upekuzi haukupungua ukali hata kidogo. Kilichopungua ni nafasi ya mtu mmoja kuharibu chakula cha mwenzake kimya kimya mpaka alipwe.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu wakuu wengi wa vituo hupenda kuzungumzia maadili, na askari wamechoka kuhubiriwa maadili. Ukikaa na mwenendo mbaya kwa karibu utakuta una kifaa chake, una saa yake, una mahali pake pa kusimama. Hivyo unaweza kuvigusa mkono kwa mkono. Moyo wa askari utaufikia baadaye, na mara nyingi utaukuta tayari umegeuka wenyewe.

Sasa hiyo barua ya mkoani. Najua imekuuma. Lakini soma tena shutuma yenyewe: anawapendelea wafungwa. Nakuomba usiione kama majungu matupu. Ukiondoa chumvi, inabaki sauti ya mtu anayeuliza, "Na mimi je?"

Kenya tena wana somo hapa, safari hii magereza yao. Kuanzia 2003, chini ya Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais na mwenye dhamana ya mambo ya ndani, magereza ya Kenya yalifunguliwa milango. Wafungwa wakapata magodoro na blanketi, sare mpya, televisheni mabwenini. Ulikuwa uamuzi wa utu, na hadi leo nausifu. Lakini askari waliowalinda wafungwa hao walibaki kwenye nyumba duni, familia zikibanana, na posho zao zikawa chini ya za wenzao wa vikosi vingine. Aprili 2008 askari magereza waligoma. Askari wa chombo chenye amri waliacha kazi! Serikali ikaunda kamati chini ya Meja mstaafu Marsden Madoka kutazama hali ya magereza, na masilahi ya askari yakaingia mezani. Mimi nauona mgomo ule kama kitu kilichotokea wakati mabadiliko yaliyo mema yalipopita juu ya vichwa vya watu waliotakiwa kuyatekeleza.

Wakuu wa magereza wa ukanda wetu walikuwa wameshaliona hilo mapema. Februari 1999 walikutana Arusha, wa nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, wakatoa azimio juu ya utendaji bora wa magereza. Humo, kuinua weledi wa askari na kuboresha mazingira yao ya kazi na ya kuishi viliandikwa kwa pumzi moja. Waliokutana pale walikuwa wenye funguo wenyewe, watu wanaojua kwamba askari aliyetukanwa asubuhi hupeleka tusi lile bwenini kabla ya saa sita mchana.

Huna uwezo wa kumpandishia askari wako mshahara. Lakini una droo. Fungua droo ya karani wako wa utumishi, leo, uone barua ngapi za likizo zimelala humo, madai mangapi ya uhamisho na nauli hayajapelekwa mbele, nani ameomba kwenda kwenye mafunzo akakosa jibu. Nilipofungua ya kwangu, katika kituo cha pili, nilikuta barua ya askari aliyeomba siku saba kumzika baba yake. Ilikuwa na miezi mitano. Hakuna aliyemkatalia, hakuna aliyemjibu, na alizika kwa ruhusa ya mdomo ya siku mbili. Huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote mabwenini, na mimi nilikuwa nimeshamwandika kwenye daftari langu kama mtu mbaya. Nilimwita ofisini, nikamwomba radhi kwa niaba ya ofisi. Sikumwambia neno juu ya ukali wake siku ile.

Nenda pia kota. Usiende kukagua usafi. Nenda uone paa gani linavuja na familia ngapi zinatumia choo kimoja, kisha nyumba inayofuata kuwa wazi igawiwe kwa orodha inayosomeka na kila mtu, ya nani ameanza kungoja. Nguvu kazi unayo na mafundi unao. Kuziba paa la askari kunaweza kufanyika mwezi huu huu, kwa utaratibu unaoandikwa.

Kuhusu wanyampara, hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa maana marufuku yako inaweza kuua mtu.

Kwa nini mnyampara ana fimbo? Kwa sababu usiku bweni lina watu mia na askari mmoja yuko nje ya mlango. Ule utulivu unaousikia saa nne usiku mtu fulani anautengeneza, na miaka yote mtu huyo amekuwa mnyampara. Ulipopiga marufuku kipigo bila kusema nani atashika utulivu, askari wako walielewa kwamba umewaacha peke yao. Ndiyo maana wanatazama pembeni. Sikubaliani na kutazama pembeni, lakini naijua hofu iliyo nyuma yake.

Msimamo wa kanuni uko wazi na ni wa zamani. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 40 kwamba mfungwa asitumiwe katika kazi yoyote ya kuwaadhibu au kuwasimamia kinidhamu wafungwa wenzake. Katazo hilo lilikuwemo hata katika kanuni za 1955 zilizozitangulia. Kanuni ya 82 nayo inamruhusu askari kutumia nguvu kwa kujilinda, kuzuia mtu kutoroka au kukabili ukaidi dhidi ya amri halali, kwa kiasi kile tu kinachohitajika, na anayetumia nguvu lazima amwarifu mkuu wa gereza mara moja. Wafundishe askari hili la pili kama ngao yao. Askari aliyeandika saa ile ile kilichotokea yuko salama kuliko aliyenyamaza akaja kuandikiwa na wengine.

Kisha igawe kazi ya mnyampara. Kusimamia usafi, kugawa chakula, kuita majina, hayo abaki nayo. Mwondolee mambo matatu: fimbo, uamuzi wa nani alale wapi, na neno la mwisho juu ya nani akamwone daktari au afisa. Hapo katikati ndipo penye nguvu kubwa. Katika gereza lililojaa, nafasi ya kulala huuzwa, na anayeuza nafasi ndiye anayehitaji fimbo kukusanya malipo. Mpangilio wa kulala uwe kwenye karatasi ya afisa wa zamu, ubadilishwe na afisa wa zamu. Na yule askari wa usiku mmoja ongeza wa pili kwa saa zile mbili za mwanzo baada ya kufungia, hata kama itabidi umtoe kwenye lindo la ofisi yako mwenyewe. Mimi nilimtoa wa ofisini kwangu. Askari waliliona hilo kabla sijalisema.

Aprili 1990 gereza la Strangeways, mjini Manchester, lilichukuliwa na wafungwa kwa siku 25. Jaji Woolf aliyechunguza aliandika mwaka uliofuata kwamba gereza linasimama kwa vitu vitatu vinavyotakiwa kwenda sawa: ulinzi, udhibiti na haki. Sisi tunafundishwa viwili vya kwanza tangu siku ya kwanza ya kwata. Cha tatu tunakihesabu kama huruma, jambo la wahubiri wanaotembelea gereza. Woolf alikiweka pamoja na kufuli, na kwa uzoefu wangu alikuwa sahihi. Bweni ambalo linajua malalamiko yake yatasikilizwa hukaa kimya bila fimbo.

Sasa wale watatu uliowahamisha. Samahani, mkuu, lakini hapo ulikosea, na nakwambia kwa sababu mimi pia nilikosea hapo hapo. Uhamisho uliombwa kwa shuku. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyejitetea, na ushahidi haukusikika. Kama walikuwa wakosaji, umeupeleka ugonjwa kwenye gereza la mwenzako. Kama mmoja wao hakuwa mkosaji, askari waliobaki wanamjua, na kila siku wakikuitikia wanamkumbuka. Walichojifunza ni kwamba kosa ni kuwa na bahati mbaya mkuu akiwa amekasirika.

Adhabu inayobadili kituo ni ndogo, ya haraka na ya hakika. Askari aliyechelewa lindo ajue leo hii kwamba ameandikwa, asikilizwe kesho, aamuliwe wiki hii hii, na rafiki yako akichelewa yamkute hayo hayo. Usimkemee mtu mbele ya wafungwa hata akiwa amekosa waziwazi. Shtaka liandikwe na mtu mwingine, wewe ubaki wa kusikiliza, na ukiwa na hasira liahirishe mpaka kesho asubuhi. Lakini kuna yale ambayo hayamalizwi ofisini kwako. Rushwa ni jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na ukiwa na ushahidi mahali pake ni TAKUKURU. Mfungwa akiumizwa, kuna daktari na kuna polisi. Ukiyamaliza hayo kwa karipio, utakuwa umeyafunika, na siku yakifunuliwa jina litakalosomwa ni lako.

Katika hilo nchi yetu ina mfano ambao vijana wengi hawaujui. Mwaka 1976, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji Mwanza na Shinyanga waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa na mkono katika mateso yale. Alijiuzulu mwanzoni mwa 1977. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Nilikuwa nikiwaeleza maafisa vijana habari hii ili wajue kwamba "sikuwepo" si utetezi wa mkuu, na kwamba kukubali dhamana hakumalizi maisha ya mtu kazini.

Utakaowahitaji kuliko wote ni masajini wako, na sajini meja wa kituo akiwa wa kwanza. Wewe utakaa miaka miwili au mitatu. Yeye amewaona wakuu wangapi wakija na waraka na kuondoka? Askari mpya hatazami uso wako unapotoa amri, anatazama uso wa sajini wake. Kaa naye peke yenu, nyumbani kwake ikiwezekana, umuulize ni jambo gani la kituo hiki amelitaka libadilike miaka yote na hakuna mkuu aliyelisikiliza. Litekeleze hilo kwanza, hata kama kwako ni dogo. Kwangu lilikuwa taa ya njia ya kwenda mnara wa nyuma. Ilituchukua siku nne na nyaya za kuokoteza. Baada ya hapo aliniambia mambo ya mabwenini ambayo upekuzi wa mwaka mzima haukuyatoa.

Na usisimame kwenye gwaride kuuliza "nani anajua zinakopita simu?" Unamtaka mtu amchome mwenzake mbele ya watu anaolala nao nyumba za jirani. Uliza juu ya vitu: mlango gani hufunguliwa nje ya saa, gari gani huingia bila kupekuliwa, kwa nini pipa la jikoni hutoka mara mbili. Upekuzi wako hautoi kitu kwa sababu habari zake hutangulia. Punguza wanaojua saa yake, na kila upekuzi uandikwe: sababu, waliopekua, kilichopatikana, hata kama hakikupatikana kitu. Baada ya miezi miwili soma kitabu hicho uone ni timu gani haijawahi kupata chochote.

Utasikia pia mazungumzo makubwa ya mageuzi. Tume ya Haki Jinai iliyoundwa na Rais Samia Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi taarifa yake Julai mwaka ule, na miongoni mwa mapendekezo yake polisi watoke kwenye kuitwa jeshi, wawe huduma. Nayaunga mkono. Kenya walibadili neno hilo kwa katiba mwaka 2010 na bado wanahangaika na mwenendo barabarani, kwa hiyo usingoje jina jipya lifike ndipo uanze. Wala usitamani njia ya Georgia, ambako serikali iliwafukuza maelfu ya askari wa trafiki kwa mara moja na kuajiri upya kwa mishahara iliyopandishwa. Wewe utaamka kesho na askari hawa hawa.

Utajuaje kama mambo yanabadilika? Usitegemee salamu za asubuhi. Soma kitabu cha zahanati kila Jumatatu, uone majeraha ni ya siku gani na bweni gani, uyalinganishe na orodha ya zamu. Hesabu maombi ya kubadilishana zamu na siku za kuugua. Malalamiko ya ndugu wa mahabusu yataongezeka miezi ya mwanzo. Usishtuke, wala usimlaumu askari wa meza, maana watu wanaanza kulalamika wanapoamini kuna anayesikiliza.

Barua ya siri usimtafute mwandishi wake. Ukianza kulinganisha miandiko umekwisha, kwa sababu kuanzia siku hiyo kila askari atakuwa mtuhumiwa na wale watatu watakuwa mashujaa. Mjibu mkuu wako wa mkoa kwa maandishi, kurasa mbili, ukiambatisha orodha za zamu za zamani na mpya, hesabu ya likizo ulizopitisha, mashtaka uliyosikiliza na jinsi yalivyoamuliwa. Kisha mwombe atume mkaguzi bila kukuarifu siku.

Uhamisho usiombe sasa. Ukiondoka baada ya miezi saba tu, sajini wako atamwambia atakayekuja, "Wa kabla yako naye alijaribu." Vumilia angalau mpaka mzunguko mzima wa likizo za mwaka upite kwenye utaratibu mpya, kila askari awe ameona zamu yake ikifika bila kumpelekea mtu kitu. Baada ya hapo, ukitaka kwenda, nenda.

Ukimaliza kuhesabu ile orodha ya zamu, niandikie. Nataka kujua langoni yamezunguka majina mangapi.